Mama Mkwe Mlangoni mwa Mfereji

Enzi zetu maji yalikuwa na zamu, na wenzangu mliokulia milimani Upare mnanielewa. Vitongoji vyetu vitatu vilikaa kwenye mteremko mmoja, na vyote vilinywesha mashamba kwa ndiva moja, bwawa la udongo lililokuwa juu kabisa. Sisi tulikuwa wa chini. Maji yalitufikia yamechoka, au hayakufika, maana wa juu walikuwa wepesi wa kusahau kwamba zamu yao imekwisha.

Bibi yangu hakupoteza muda kushtaki kwa mjumbe. Yeye alioza mabinti. Shangazi mkubwa alikwenda kitongoji cha juu, wa pili cha kati, na kila mmoja akaolewa na kijana mwenye shamba pale pale mfereji unapogawanyika. Sisi watoto tulidhani ni mapenzi.

Nakumbuka mwaka mmoja maharage yalitoa maua, mvua ikagoma. Tungeikosa zamu yetu, tungelala njaa msimu mzima. Bibi akachukua kigoda, akapanda mlima, akaketi mlangoni mwa mfereji, sisi wajukuu nyuma yake tukitafuna miwa. Mara mkwewe mkubwa, mume wa shangazi wa juu, akatokea, jembe begani, amekuja kuyageuzia maji kwake. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe. Akaganda kwenye migomba, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunisalimia na jembe?"

Akarudi kinyumenyume hadi akatumbukia kwenye viazi vya watu. Tulicheka mpaka miwa ikatupalia. Jioni maharage yetu yalikunywa yakashiba.

Leo niko Farsta, huku kwa Waswidi, na zamu pekee niliyo nayo ni ya chumba cha kufulia cha jengo letu. Jirani akiichukua nikalalamika, binti yangu ananijibu kwa Kiswidi, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba nichague saa nyingine. Watoto wa siku hizi hata kugombana hawajui.

Bibi alizikwa mwaka jana, nami nikatazama kwenye simu. Wakwe wale wawili, sasa wazee, ndio waliotangulia kubeba jeneza. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumkaribia. Baada ya mazishi shangazi akanigeuzia simu nione mfereji. Haikuwa zamu yetu, lakini maji yalikuwa yanateremka kwetu na hakuna aliyeyaziba. Nililia kwa uchungu na kwa wivu pia. Huku kila mtu ana bomba lake, na hakuna anayeweza kumwachia mwenzake maji.