Mguu wa Breki

Siku Nukta alipoiona pikipiki ya marehemu baba yake imeegeshwa nje ya kibanda cha kunyolea, alisonya mpaka mteja aliyekuwa amepakwa povu kidevuni akageuza shingo.

"Lo! Umeinyoa," alimwambia shemeji yake.

Ilikuwa imenyolewa kweli. Shemeji huyo, mume wa dada yake mdogo, alikuwa kinyozi, na Nukta alikuwa akisema siku zote kwamba ukimwachia yule bwana mkasi na kitu chochote kwa nusu saa, utakikuta na kipara. Madigadi ya nyuma ilikatwa nusu. Kile kiti kirefu cha watu wawili kilitolewa, mahali pake kukawekwa kitu chembamba cha ngozi ambacho hata paka angekikalia kwa shida. Chujio la hewa halikuwepo. Silensa ilitobolewa ili ingurume, na ilinguruma haswa, mtaa mzima ulijua kinyozi amekwenda kununua sabuni. Pikipiki ya Kitaliano ya zaidi ya miaka arobaini, tangi jekundu, injini iliyoundwa na watu wenye akili zao, ndiyo imefanywa hivyo!

Nukta alikuwa mkerezaji wa vyuma. Miaka thelathini alisimama mbele ya mashine moja kwenye karakana ya nyuma ya soko, akichonga ekseli, bushi na bolti, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kutaja kipimo bila nukta. Ukimwambia "karibu inatosha" alikutazama kama umemtukana mama yake. Aliwadharau wachomeleaji, aliwadharau wanaofunga vitu kwa waya, na kuliko wote aliwadharau mafundi wanaoinamisha sikio kwenye injini wakafumba macho. "Injini si mgonjwa akueleze panapomuuma," alisema. "Pima!" Mkewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba iko siku atapima hata urefu wa salamu.

Kilichomtia wazimu zaidi siku ile ni vikanyagio. Pikipiki za Kitaliano za enzi ile gia zilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume kabisa na hizi za sasa zinazojaa barabarani. Kinyozi alikuwa amegeuza. Alipitisha fimbo ya chuma chini ya injini, akachomelea pembeni, gia zikahamia kushoto na breki ikaja kulia.

Nukta akachuchumaa, akaigusa ile fimbo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kamasi. "Na hii takataka?"

"Hiyo niliifanya kwa sababu, shemeji," kinyozi akajibu huku wembe uko hewani. "Nilikuwa najisahau. Mguu wangu umezoea hizi pikipiki za kawaida. Siku moja nusura niingie mtaroni."

"Mguu wako umezoea kusimama nyuma ya kiti cha kunyolea. Baba aliendesha hii miaka ishirini na sita, hakuwahi kuingia mtaroni."

Mteja mwenye povu akacheka. Kinyozi akarudi kwenye kidevu cha mteja.

Mwenye pikipiki hakuwa Nukta wala kinyozi, aliyeazimwa tu. Alikuwa mama yake Nukta, mjane wa yule mzee, mwanamke wa miaka sabini na tatu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mumewe alikuwa akimpakia nyuma kila Jumamosi kumpeleka kwa dada yake, kilomita tisa, na tangu afe, miaka mitatu ilikuwa imepita bila mama kukaa nyuma ya chochote. Malalamiko ya Nukta yalipomfikia, aliwaita wote wawili sebuleni.

"Mimi nataka kupanda tena," alisema. "Nataka kwenda kwa dada yangu kama nilivyokuwa nikienda. Atakayenifikisha na kunirudisha salama, ndiye atakayekaa nayo. Msinipigie kelele."

"Mama, huyu amekikata kiti," Nukta akasema. "Utakaa wapi, mgongoni kwake?"

"Basi wewe kirudishe."

Nukta alichukua wiki sita, na kila mtu alizisikia. Aliifungua injini yote. Alipima uwazi wa valvu kwa vile vibati vyembamba vya kupimia, akarekebisha, akapima tena kesho yake asubuhi chuma kikiwa baridi. Alisafisha kabureta mpaka vitundu vikaonyesha mwanga. Alikereza bushi mpya za shaba kwa ajili ya uma wa nyuma unaoshika gurudumu, akazitupa mbili kwa sababu zilizidi kidogo, kidogo ambacho binadamu wa kawaida angehitaji kuapishwa ndipo akione. Kiti cha zamani alikipata stoo kwa mama, chini ya magunia, akakishonea ngozi mpya. Silensa akaiziba. Na ile fimbo ya kinyozi akaing'oa kwa nyundo, nyundo aliyoikataza kwa wengine wote, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Gia zikarudi kulia, breki kushoto.

"Sasa ni pikipiki," akasema.

Dada yake alikuja kuiona, akaizunguka na kuisifu, kwa sababu ilistahili. Kisha akasema polepole, "Lakini kaka, na wewe kila siku unakwenda kazini na kile kipikipiki chako. Si nacho breki iko kulia?"

"Na kwa hiyo?"

"Nauliza tu. Ni miaka mingi."

"Miaka kumi na minane. Mimi si kinyozi, mdogo wangu. Mimi nikijua kitu nakijua."

Na alikijua. Alifanya majaribio Jumapili tatu, asubuhi, barabara ikiwa tupu. Alikwenda mpaka kwenye machimbo ya mawe na kurudi, akisema moyoni: kulia gia, kushoto breki. Hakukosea hata mara moja. Hakukuwa na kitu barabarani cha kumkosesha.

Jumamosi ilipofika, mama alitoka amejifunga kitambaa cha zambarau na mkoba umebanwa kwapani. Kinyozi alikuwa amefunga kibanda akaja. Nukta alimpiga jicho la "wewe umefuata nini hapa," lakini yeye alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake na helmeti mkononi, akamvalisha, akamfunga mkanda chini ya kidevu kwa vile vidole vyake vyepesi, akahakikisha haumkabi.

"Mama, mshike vizuri," alisema. Halafu, "Shemeji, mwendo wa pole. Ule mguu—"

"Kanyoe," Nukta akamwambia.

Wakaondoka. Na tuseme ukweli, injini iliimba. Hata waliomchukia Nukta kwa maringo yake, na hawakuwa wachache, walisimama kuangalia. Haikutoa moshi, haikukohoa. Mama alicheka kwa sauti kwenye kona ya kwanza. "Baba yako alikuwa akiilaza hapa!" akapiga kelele sikioni mwa mwanawe, na Nukta akavimba kifua, mtu wa miaka hamsini na sita, kama mtoto aliyesifiwa shuleni. Aliwapita wanaoendesha vipikipiki vyao vya cheni zilizolegea akawaonea huruma ya dharau. Alimwaza kinyozi akitazama vumbi lao.

Kilomita ya sita palikuwa na jengo jipya na mchanga umemwagwa kando ya barabara. Nyuma ya lori lililosimama, bila taarifa, ukatokea mkokoteni wa madumu ya maji.

Hapakuwa na nafasi ya kusema kulia gia, kushoto breki. Mguu wa kulia ulishuka wenyewe, kwa nguvu zote, pale ulipokuwa ukiikuta breki kila siku kwa miaka kumi na minane. Ukakuta gia. Pikipiki haikusimama, ikaingia gia ya juu, ikaendelea mbele. Mguu ukakanyaga tena, kwa nguvu zaidi, kwa ujinga zaidi. Breki ya mkono aliivuta akiwa amekwisha kuchelewa. Akaukwepa mkokoteni, akauvaa mchanga, na mama akatoka kwenye kile kiti cha ngozi mpya akaangukia mkono.

Ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Helmeti ilipata mkwaruzo mrefu, na kichwa kilichokuwa ndani yake kilibaki kizima.

Hospitalini, mama akiwa na plasta mbichi mkononi, Nukta alikaa kwenye benchi na mchanga masikioni na kuanza. Mwenye mkokoteni ni mpumbavu. Wenye jengo hawana adabu, mtu anamwaga mchanga barabarani! Dereva wa lori naye leseni aliiokota wapi?

"Na breki ilikuwa sawa, mama," akamalizia. "Baada ya kuanguka niliikagua palepale. Nimeipima mwenyewe."

"Uliikagua breki kabla hujaniinua," mama akasema. "Nilikuona."

Nukta akajipangusa mchanga masikioni.

"Najua ilikuwa sawa. Kila kitu ulikirudisha kama kilivyokuwa kwa baba yako, mwanangu, nakusifu. Lakini mguu wa kuendesha ile pikipiki tulimzika nao." Akaurekebisha mkono wake juu ya mapaja. "Mume wa dada yako aliujua mguu wake. Sasa niitie, anipeleke nyumbani."

Jumatatu karakana iliona jambo ambalo haikuwahi kuliona. Nukta alilaza pipa la vyuma chakavu, akapiga magoti, akachakura mpaka akaipata ile fimbo. Aliifuta mafuta kwa kitambaa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kipimo, maana tabia ni tabia, akapima. Ilikuwa imepinda milimita moja nukta nne, na uchomeleaji wake ulikuwa na vinundu. Mashine ya kukerezea ilikuwa pale nyuma yake, inangoja. Angeweza kuchonga nyingine nzuri mara kumi.

Alikaa nayo mkononi kitambo. Kisha akaipitisha chini ya injini na kuifunga hivyohivyo ilivyo.

Mchana aliisukuma pikipiki kwa mkono mpaka kwenye kibanda cha kunyolea, hakuiwasha. Kinyozi alikuwa na mteja kitini na wawili wanasubiri. Nukta aliuweka ufunguo kwenye meza, kati ya mkasi na chupa ya spiriti, akaenda kukaa kwenye benchi, mtu wa tatu kwenye foleni.