Waya Uliomeza Sauti ya Isaïe

Jumapili, saa tatu asubuhi. Isaïe Bolamba, mchomeleaji wa mtaa wa Kabondo, Kisangani, mwenye miaka arobaini na sita, amelala kifudifudi chini ya kitanda cha mwanamke asiye mke wake. Mwenye kitanda, Mama Kanyere, amemsimamia na ufagio mkononi.

Msimfikirie vibaya. Huko chini kuna betri.

Ni betri ya phonie, redio ya kuongea na watu wa mbali. Tangu vita vifunge njia ya mto Kongo, mtaa mzima hauna njia nyingine ya kupata habari za ndugu. Na kwa kuwa wanajeshi wakiona betri hawaombi, Kanyere, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, ameificha chumbani. Waya mwembamba wa mita kumi na mbili unatoboa ukuta hadi sebuleni, kilipo chombo chenyewe.

Mke wa Isaïe, Wivine, alishuka Kinshasa Julai 1998 kumzika dada yake. Agosti vita vikaanza, akabaki huko. Juni mwaka huu wa 2000 mabomu yaliipiga Kisangani siku sita. Tangu hapo, kila Jumapili Wivine humwita mumewe hewani, ajue kama yu hai. Isaïe humsikia vizuri, hata kikohozi. Hujibu mpaka koo linakauka. Wivine hasikii kitu.

“Mi namusikia, yeye hanisikie,” anasema Isaïe. “Zamani, mbele ya vita, yeye ndiye alikuwa anasema vile juu yangu.”

Jumapili iliyopita Wivine alitangaza kwamba leo ni mara ya mwisho. Asipojibiwa, atanyoa nywele na kuweka matanga. Kanyere alimwambia Isaïe ni wanaume wachache wanaopata bahati ya kualikwa kwenye kilio chao wenyewe.

Jumatatu alikuja na kipimo. Phonie inaposema, inavuta ampere kumi. Kwenye betri alikuta volti kumi na mbili, kwenye chombo tisa. Akachukua chaki akaandika ukutani: volti tatu zilizopotea gawanya kwa kumi, ohm sifuri nukta tatu. Ndio ukinzani wa waya. Tatu mara kumi, wati thelathini.

“Wati makumi tatu inakufia ndani ya ukuta,” anaeleza. “Kusikiliza inakula nusu ampere tu, haisikie njaa. Kusema ndiyo inakufa.”

Kanyere alikataa katakata betri isogezwe sebuleni. Waya mnene haupo sokoni. Basi Isaïe akakata kebo ya mashine yake ya kuchomelea, iliyokuwa ikimpa kazi ya milango mitatu kwa juma, aiweke mahali pa waya. Sasa hana kazi.

Anaifunga kebo kwenye betri, anatoka chini ya kitanda na vumbi la miaka miwili kichwani. Volti kwenye chombo: kumi na moja na nusu. Saa nne kasoro dakika chache, sauti ya Wivine inaita Kisangani.

“Wivine, ni Isaïe. Niko. À vous,” anasema, yaani zamu yako, na kuachia kitufe.

Kanyere anaacha kufagia.

“Isaïe? Alors, siku zote hizi ulikuwa wapi?”

“Hapa. Waya ilikuwa mwembamba. À vous.”

Ni Wivine analia, mbali sana. Baada ya dakika nne betri inachoka.

Isaïe anabaki kwenye kiti, mbele ya chombo kilichozimwa. Kebo nyingine ya mashine ataitafuta, anasema, siku mto ukifunguka. Kwanza kuna Jumapili ijayo, na tayari ameshapiga hesabu yake.

“Nikisema mingi, betri inaisha. Nitasema kidogo tu, nimwache yeye aseme. Kule kwangu nyumba iko kimya sana.”