Spika ya Festo na Usipa wa Mbamba Bay

Leo nimenyamaza kwa makusudi, na sijutii.

Jana tukitoka Songea kwenda kupiga kambi Mbamba Bay, mwenzangu wa safari, Festo, alishusha hema langu garini ili spika yake ipate nafasi. Niligundua tumeshafika.

Yeye akasimika hema lake kwenye mchanga uliofagiliwa vizuri. Shajara yangu ya mwaka jana inasema wazi: hapo kina mama huanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kila asubuhi.

Nikafungua mdomo nimwambie.

"Dada Daftari, tupumzishe!" akanikatiza.

Nikaufunga. Nikalala nimejikunja kwenye kiti cha gari.

Asubuhi kina mama wakafika na ndoo vichwani.

"We baba, umelala kwenye uwanja wetu?"

"Shikamooni mama zangu. Naondoka sasa hivi."

"Marahaba. Uondoke uende wapi? Kwanza utuanikie."

Ameanika mpaka saa tano. Mimi nakunywa chai, naandika.

Wakamshukuru kwa fungu la usipa wabichi. Akaniomba nimhifadhie.

Nimehifadhi. Wengine wako kwenye mfuko.

Wachache nimewapa nafasi ndani ya spika.

Mtakaokutana naye, nanyi nyamazeni.