Mukengere Amtetea Mkwe Mezani

Mji mzima wa Kamembe ulijua: ukialika watu kula na Mukengere yumo, usingoje akushukuru kwanza. Atakula, atasukuma sahani, atajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, halafu atasema. Kwenye harusi moja huko Gihundwe alisema wali una mawe ya kutosha kujengea choo. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani alimwambia mwenye nyumba kwamba mchuzi wake ni maji tu yaliyopita karibu na nyama bila kuisalimia. Lakini watu hawakumchukia. Siku aliyosifu chakula, sifa ilizunguka soko lote, na mama aliyesifiwa alitembea shingo juu wiki nzima.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza milango ya chuma. Nyundo ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, hivi kwamba hata aliponong'ona walimsikia ng'ambo ya barabara. Alizaliwa Bukavu, akakulia mtaa wa Kadutu, na mwaka wa tisini na sita, vita vilipoanza kule Kongo, alirudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, ambako hakuwa amewahi kukaa hata siku moja. Alivuka daraja la Rusizi na mkewe Védastine, binti yao Uwera, na mtungi wa gesi ya kuchomelea aliousukuma mwenyewe kama ng'ombe mkaidi.

Sasa Uwera alikuwa amekuwa nesi, na amepata mchumba. Aliitwa Kayitare, kijana mpole, karani kwenye mradi wa wazungu. Tatizo halikuwa Kayitare. Baba yake na ndugu wa baba yake walikuwa wamekwisha kwenye mauaji ya mwaka wa tisini na nne, akabaki mmoja tu, Mzee Nzabonimana wa kijijini Rwimbogo. Bila yeye hapakuwa na mtu wa kuja kuomba binti. Na Mzee alikuwa amesema kwamba kabla ya kuomba lolote, kwanza atawatazama hao watu wa Kongo.

Kayitare, kwa kutaka kufurahisha kila upande, hakuchagua nyumba ya mtu. Alichagua hoteli ya kando ya ziwa, pale wakubwa wa mradi walipokuwa wanakula.

Asubuhi ile Védastine alimsimamisha mumewe mlangoni.

"Papa Uwera, leo utakula, utanyamaza. Ule Muzee akisema hapana, hakuna mungine wa kutuomba mutoto. Unasikia?"

"Minasikia."

"Sema."

"Nitakula, nitanyamaza. Na kama chakula iko muzuri?"

"Utanyamaza pia."

Uwera alilipiga pasi shati la baba yake mpaka kola ikasimama peke yake.

Hotelini walimkuta Mzee Nzabonimana, mrefu, mwembamba, mwenye kofia na fimbo, na sauti ya chini iliyowalazimu watu kuinama ili wamsikie. Aliagiza bia isiyo ya baridi. "Hii inanitosha," alisema. Lakini Kayitare alimwagizia chakula hata hivyo, ili mbele yake pasiwe patupu.

Sahani zikaja. Zilikuwa pana kama usukani wa lori, na katikati ya kila moja kipande cha samaki kilicholingana na sabuni iliyokwisha fua nguo za familia. Hakina kichwa, hakina mkia, hakina mwiba. Pembeni ugali wa muhogo umeviringwa kama yai, na isombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, imedondoshwa matone matone, kana kwamba mpishi alikuwa anabeba sufuria akajikwaa.

Mukengere aliitazama sahani. Akainua jani la saladi kuona kama chini yake kuna kitu kingine. Akalirudisha jani. Akala, ikaisha mara moja, akajifuta mdomo. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji, lakini hakusema neno. Védastine akaanza kuamini kwamba Mungu bado anasikia maombi.

Kisha Mukengere akaona sahani ya Mzee. Haijaguswa. Mzee anakunywa bia taratibu, anatazama ziwa.

Mzee alikuwa mtu wa malezi ya zamani. Kwao mtu mzima hunywa mbele ya wageni, ila kutafuna ni jambo la ndani ya nyumba, kama kuoga. Kayitare alilijua hilo, naye alidhani kila mtu analijua. Mukengere hakulijua. Huko Kadutu walikuwa watoto wengi kwenye sahani moja, na aliyechelewa kutafuna alilala njaa. Alichoona yeye ni mzee mgeni, ametoka Rwimbogo, amewekewa chakula kibaya hadi hawezi kukitia mdomoni, na kwa heshima yake ananyamaza. Moyo ulimuuma. Yeye aliahidi kunyamaza juu ya sahani yake mwenyewe. Juu ya sahani ya mkwe hakuahidi kitu.

"Muzee," akanong'ona, na meza za jirani zote zikageuka, "minaona."

"Unaona nini?"

"Ile samaki. Usiogope, mie niko hapa."

"Nimeshiba, bwana."

"Umeshiba na nini? Na bia?"

Védastine akampiga teke chini ya meza. Mukengere akatikisa kichwa kwa furaha. "Hata bibi yangu anaona!"

Kayitare akakohoa. Kumwambia baba mkwe habari za kutafuna kwa Mzee, mbele ya Mzee mwenyewe, ilikuwa aibu isiyotamkika. "Papa," alisema, "labda ni huu upepo. Mzee hapendi kula penye upepo."

"Sasa kwa nini hamukusema?"

Mukengere akainuka, akaikamata meza kwa mikono yake ya kubeba mageti, na sahani juu yake na chupa juu yake, akaipeleka nyuma ya ukuta. Wengine wakafuata na viti vyao, hawakuwa na la kufanya. Sasa Mzee hakuwa tena na ziwa la kutazama. Alikuwa ametazamana na mlango wa jiko. Na bado hakula.

"Basi si upepo," alisema Mukengere. "Hakimu! Kuja hapa."

Hakimu, mhudumu, alikuwa baba wa watoto, mtu wa Kamembe, na mlango wa nyumba yake ulitengenezwa na Mukengere. Alikuja akiwa amevaa tai ndogo shingoni.

"Ndiyo, Mzee Mukengere."

"Samaki hii kichwa yake iko wapi?"

"Ni file, Mzee, mnofu mtupu. File haina kichwa."

"Ziwani ilikuwa inaona njia na nini?"

"Kichwa kinabaki jikoni."

"Na nani anakula kichwa jikoni?"

Hakimu akatazama viatu vyake. "Sisi."

"Munasikia! Bao ba jikoni banakula samaki, sisi banatuletea godoro yake!"

Mzungu mmoja wa meza ya jirani akaacha uma, akaanza kuchunguza samaki wake.

"Papa, tafadhali," alisema Uwera, na machozi yalikuwa karibu.

"Usilie, mutoto. Mukwe wangu hatarudi Rwimbogo na njaa. Naenda jikoni kuleta kichwa mie mwenyewe."

Akasimama. Hapo Mzee Nzabonimana akavaa kofia yake, akashika fimbo. Védastine akafumba macho, maana aliona binti yake anabaki nyumbani mpaka aote mvi kwa sababu ya kichwa cha samaki.

Fimbo ikagonga sakafu mara moja.

"Kaa," alisema Mzee.

Mukengere akakaa.

Mzee akavua tena kofia. Akashika uma, akaugeuza huku na huku, akaurudisha mezani. Akanawa vidole kwa maji ya glasi, akamega samaki, akatia mdomoni, akatafuna. Mchana kweupe, hotelini, mbele ya watu. Kayitare akatazama dari upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Uwera akainamisha kichwa. Hata Hakimu, Mwislamu wa mjini asiye na mila hiyo, akageukia ukuta. Ni Mukengere peke yake aliyelikazia macho taya lile, akingoja hukumu.

Mzee akameza.

"Hakina chumvi," alisema.

"Nilisema!" Mukengere akapiga meza. "Na ugali?"

Mzee akamega kidogo, akatafuna tena. "Aliyeusonga alikuwa anawaza mambo mengine."

"Muzee, weye ni muntu! Weye njo muntu kabisa!"

"Ngoja, Mukengere. Unajua umenifanyia nini? Tangu nipate akili, walioniona nikitafuna ni watu wa nyumbani kwangu tu. Wengi wao hawapo tena. Leo wewe umenitazama mpaka kooni."

Mukengere akamtazama mkewe, akamtazama Kayitare aliyekuwa bado na dari yake, na polepole akaelewa.

"Unisamehe, Muzee. Mie sikujua. Kwetu Kadutu muntu asipokula, iko mugonjwa ao amekasirika."

"Nimeona hukujua. Lakini sasa nifanye nini? Nikikuacha ubaki mgeni, kesho utazunguka soko lote ukisimulia. Mtu wa nyumbani angeyaficha." Mzee akajifuta vidole kimoja kimoja. "Kayitare, shusha macho. Waulize wazazi hawa tuje kuomba binti lini."

"Jumamosi!" alisema Mukengere.

"Papa Uwera!" Védastine akamvuta kwa shati. "Hatutaji siku hivi hivi kama tunauza mulango. Tutauliza ndugu kwanza, Muzee."

"Mwulize hata jirani, Mama. Ila siku hiyo upike wewe, na mnipe chumba cha ndani."

Kesho yake karakana ya Mukengere ilijaa watu. Hakuna aliyekuja kwa mlango. Walitaka kujua chakula cha hoteli ya wakubwa kina ladha gani, kwani Hakimu alikuwa amewaonjesha watu habari za kichwa cha samaki, kisha akakataa kumalizia.

"Mukengere, tuambie basi! Bakubwa banakula nini? Na Muzee wa Rwimbogo alikula?"

Mukengere alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, na yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasema juu ya chakula cha mtu. Akawatazama. Akafunga mdomo, akashika nyundo, akaanza kupiga chuma ambacho kilikuwa kimekwisha nyooka tangu jana.