Siku tulipompeleka bibi mpaka kwenye kamba ya border ili kaka yake amuage

Wakuu wa humu, nawasalimia kutoka Koboko, huku mpakani na Congo. Mimi naendesha boda, shule niliachia primary, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika. Story yenyewe haina chumvi.

Bibi yetu alifariki Lobule. Kati ya nyumba yake na Congo iko kijito tu. Ukikohoa huku, kule wanakuambia pole.

Kaka yake mdogo, Mzee Yosefu, anaishi upande wa kule.

Na sisi iko desturi: mwanamke akifa, hazikwi mpaka kaka yake aje, atupe udongo wa kwanza na aseme, "Nimemwachia, zikeni." Asiposema, hata kama wewe ni padri utangoja.

Siku zote Mzee alikuwa anavuka kama anaenda chooni. Lakini juzi yake watu wa bunduki walivuka, wakachukua ng'ombe na kumuumiza jirani yetu. Serikali ikasema, kwa muda tu, kila mtu aonyeshe kitambulisho. Wanajeshi wakafunga kamba kwenye njia.

Mimi ndiyo nikatumwa kumpokea Mzee. Nikamkuta amesimamishwa ng'ambo ya kamba, na suti yake ya harusi.

"Mzee, kitambulisho iko wapi?" askari anamuuliza.

"Ya nini? Mimi mutu ya hapa. Hii njia unachunga, ni miguu yangu ndiyo ilitengeneza."

Nikaona nitie utani, maana huku utani unafungua milango mingi.

"Afande, huyu akiwa muasi basi mimi ni rais. Mbona mbuzi wanapita, hamuwaulizi kitu?"

Hakucheka.

"Kijana, wale walikuja juzi, mmoja alikuwa na mvi kama huyu. Nikipitisha babu yako bila karatasi, kesho nitazuia nani?"

Utani nikaurudisha mfukoni. Mimi! Ulizeni watu wa stage yangu ya boda kama nimewahi kuuacha utani njiani.

Na niseme ukweli, yule jirani aliyeumizwa ni customer wangu. Toka kamba ifungwe, ndiyo mke wake amekubali kurudi kulala nyumbani.

Jua likawa linapanda, na bibi iko ndani ya sanduku toka jana. Nikarudi nyumbani kumwambia shangazi, binti mkubwa wa bibi. Akanisikiliza, akakaza kitenge kiunoni.

"Kama Yosefu hapiti, Mama ataenda. Bebeni."

Wazee wakapinga, eti maiti ikitoka nyumbani hairudi.

"Sawa," shangazi akasema, "basi kaeni naye hapa mpaka border ifunguliwe."

Wazee wakatupisha. Tukabeba.

Pale kwenye kamba, askari akasema hata sanduku lazima likaguliwe. Watu wakaanza kelele. Shangazi akafungua mwenyewe.

"Angalia vizuri, afande. Ni mama yangu."

Akaangalia. Akavua kofia. Akarudisha mfuniko polepole, kwa mikono yake.

Mzee Yosefu akasogea mpaka kamba ikamgusa kifua. Akaongea na dada yake kwa Kikakwa, lugha yetu ya nyumbani, maneno mengine siyaandiki hapa. Halafu akainama, akachota udongo wa upande wa kule, kule walikozaliwa wote wawili, akautupa juu ya kamba, ukaanguka kwenye sanduku.

"Nimemwachia. Zikeni."

Tulipogeuka kwenda kumzika, Mzee alikuwa bado anapunga mkono, kama mtu anayesindikiza basi.

Wakuu, nilichojifunza: kamba mimi siikatai, inalinda watu ninaowajua. Lakini inamuumiza kwanza yule ambaye hakujua kwamba siku moja atahitaji karatasi kwenda kwa dada yake.

Juzi nikamwambia Mzee, kwa simu, tumtafutie kitambulisho.

Akaniuliza, "Ya nchi gani?"



Ninyi mnaokaa mipakani, mngemjibu nini? Leteni. Hata matusi ruksa, ila mjue shangazi anasomewa comments zote.