Dumu la Bluu na Safari Fupi ya Sangara

Glu-glu-glu-fyuu. Huo ndio mlio ulionishtua, nami nauandika jinsi ulivyosikika kwa sababu hadi leo watu wa mtaa wa Pasiansi wakiniona njiani hunitolea mlio huo huo kwa midomo yao, tena kwa ustadi, na mimi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa maji (maji, ndugu zangu, likumbukeni neno hilo), sina la kufanya ila kuinamisha kichwa na kuongeza mwendo. Filimbi ya injini ya mvuke, hata kama injini yenyewe inanifika magotini, inatakiwa itoe mlio mmoja mkali. Yetu ililia kama mtu anayesukutua.

Niwaeleze kwanza tulichokuwa tukikigombea. Klabu yetu ya reli ndogo ina wanachama wasiojaza meza moja ya harusi. Ina injini moja iitwayo Sangara, inayochoma mkaa, kuchemsha maji na kuvuta vibehewa ambavyo abiria huvikalia kwa kutanua miguu kama waendesha baiskeli. Na ina reli ambazo kila baada ya onesho tunazing'oa na kwenda kuzilaza chini ya vitanda vyetu. Tulihitaji mahali pa kuzitandika zising'olewe tena. Mama Nyangeta, mwenye bustani ya ufukweni yalipofanyika maonesho ya wabunifu, alikuwa na ukanda wa ardhi kando ya uzio, na alituambia bila kuficha: atapanda Sangara yeye mwenyewe, azungushwe mara moja, akiridhika, ukanda ni wetu, asiporidhika, atafungua pa kuoshea magari.

Sasa, mwenyekiti wetu, Mzee Masanja, meneja wa benki mstaafu anayevaa kofia ya dereva wa treni hata msibani, huijaza injini maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa. Injini haijawahi kulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake. Nilimweleza kwamba maji yenye chumvi huacha ukoko ndani ya boila kama ule wa kwenye birika, kwamba maji ya mvua ndiyo salama, na kwamba ningeyaleta mwenyewe. (Kwamba maji ya ziwa letu ni laini, hayana chumvi ya kumtisha mtu, nilikuja kulisoma baadaye, katika kitabu kilichokuwa mezani kwangu muda wote.)

"Binti, wewe ndiye uliyesoma," akasema Mzee Masanja, amefurahi kama aliyepandishwa cheo. "Lete maji ya kitaalamu!"

Shangazi yangu, ninayeishi kwake Mkolani, hutengeneza sabuni ya maji na kuiuza Mabatini. Hilo nililijua. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba sabuni huiweka katika madumu meupe, kwa hiyo lile la bluu lililokaa nyuma ya mlango, kwa mantiki, halikuwa la sabuni. Ningeweza kumuuliza, simu ilikuwa mkononi. Sikumpigia, kwa kuwa niliona swali limekwisha kujibiwa na uchunguzi. Nikalinusa dumu: ndimu. Nikaichukulia harufu hiyo kuwa ushahidi wa usafi, na kile kidogo kilichotikisika chini kuwa mabaki ya maji ya kusuuzia. Sikulisuuza, maana kulisuuza kwa maji ya bomba kungerudisha chumvi zile zile nilizozikimbia. Na nilipokinga maji ya mvua kutoka kwenye tangi niliushusha mpira hadi chini kabisa, nikafungulia polepole, ili yasichanganyike na hewa, kwa sababu hewa huleta kutu. Povu halikutoka hata kidogo. (Tazameni jinsi mtu anavyoweza kuwa makini katika kila hatua ya kujimaliza.)

Siku ya maonesho tuliijaza Sangara maji yangu, na Mama Nyangeta alikuja na gauni jeupe la lesi na nywele zilizotoka saluni. Akakaa nyuma ya Mzee Masanja, akakusanya gauni magotini, na mshereheshaji, jamaa wa suti ya njano asiyeweza kuona kitu kikitokea bila kukitangaza, akanguruma katika kipaza sauti kwamba historia inaandikwa. Mzee Masanja akavuta filimbi. Glu-glu-glu-fyuu.

"Imepaliwa?" akauliza Mama Nyangeta.

"Inasafisha koo, Mama," akajibu Mzee, akafungulia mvuke.

Sangara iliondoka, nakiri, kwa heshima zote. Ilipofika kwenye kona ya upande wa ziwa, bomba la moshi likatema povu, kwanza la kijivu, kisha jeupe, zito, lisilokoma, na upepo ukalichukua na kulirudisha nyuma, juu ya kofia, juu ya saluni, juu ya lesi.

"Ndugu watazamaji, hii sasa ndiyo teknolojia!" akapaza mshereheshaji.

"Sangara anatapika!"

"Anaoga huyo, ana harusi leo!"

"Jamani, isimame kidogo nikalete mashuka yangu!" akadakia mama mmoja muuza karanga.

Mimi nilikuwa nakimbia kando ya reli, dumu mkononi, nikisema, kwa utaratibu, "Mzee, kioo cha kupimia maji kimejaa povu, kwa hiyo kiwango halisi hakijulikani, na upo uwezekano kwamba boila..."

"Sema nifanye nini!" akafoka.

"Toa moto!"

Akavuta wavu wa tanuri, makaa yakaanguka juu ya nyasi kavu, nyasi zikaanza kufuka, akapiga kelele, "Maji!" na mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikamimina yote yaliyobaki katika dumu. Moto ulizimika. Povu likampanda Mama Nyangeta hadi magotini.

Mzee Masanja akavua kofia. Sikuwahi kukiona kipara chake. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ni boila langu. Nililichomelea mwenyewe. Nadhani limepasuka."

Mama Nyangeta akalifuta povu machoni. "Nilisema nitaweka pa kuoshea magari," akasema. "Naona mmenitangulia."

Watu walicheka. Mimi nilinusa ndimu. Hapo hapo nikaapa kiapo ninachokishika mpaka leo, kwamba chombo cha mtu hakinuswi wala hakichunguzwi, huulizwa mwenyewe. Nikatoa simu, na kwa kuwa mikono ilikuwa ikiteleza, nikaweka sauti ya nje. Sikumwona jamaa wa suti ya njano akikisogeza kipaza sauti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona makelele, uko harusini?"

"Shangazi, lile dumu la bluu nyuma ya mlango lilikuwa na nini?"

"Lilikuwa? Kwani sasa halina?" Sauti yake ilifika hadi kwenye mawe ya ziwani. "Si sabuni ya ndimu ile nzito, sijaizimua! Kijiko kimoja ndoo nzima! Umefulia nini, wewe mtoto?"

"Treni!" uwanja mzima ukajibu.

Mzee Masanja akavaa kofia yake tena. Mama Nyangeta akanyoosha mkono, akaichukua simu yangu.

"Habari za kazi, mama. Mimi ni Mama Nyangeta, wa Pasiansi. Hiyo sabuni yako inatoa oili ya gari?"

"Hata ya trekta, mama yangu."

"Basi njoo tuzungumze. Nina ukanda hapa kando ya uzio."

"Nakuja. Na huyo mtoto wangu yupo hapo?"

"Yupo. Anatazama chini."

"Mwambie anirudishie dumu langu."