Ganda la betri la susu

Leo susu, yaani nyanya yangu, amenikubalia haraka, na hapo ndipo nimeogopa.

Nilifika kwake Zombe nikamkuta akinifungia miswaki ya mti. Anaikata mwenyewe shambani. Watoto wangu hawajui dawa ya meno ya duka, wanajua mswaki wa susu.

Halafu nikaona mahali anailoweka isikauke.

Ganda la betri kuukuu ya gari, limekatwa juu.

"Susu, betri ina madini ya risasi. Hiyo ni sumu, inaharibu akili ya watoto."

Nilijua atawaka. Wapi!

"Hata nikiliosha kila wiki?"

"Hata ukiliosha."

Akaangalia ile miswaki kama mtu amefiwa. Akabeba lile ganda na maji yake, nikadhani anaenda kulitupa.

Akamwagilia mboga zake za sukuma.

"Susu!!"

Akashangaa kabisa. "Sasa nimwage maji bure? Si huwa nayaleta hapa siku zote?"

Na ukweli, huku kwetu kwenye ukame nani humwaga maji bure?

Tukarudi ndani. Sukuma ya mchana ilikuwa mezani na ugali, na susu amefumba macho, ananingoja niombee chakula.

Niambieni, nyinyi mngeomba nini?